Mama Anaolewa na Mtu wa Bara

Magogoni, Kisauni
9 Februari 2025

Mdogo wangu Jumwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Vivian. Huku tu wazima kiasi cha kuweza kulalamika. Mke wangu Judy goti limemwachilia kidogo, watoto wamerudi shule, na mimi bado ni karani wa ghala kule Changamwe, siku sita kwa wiki. Mvua hakuna. Maji ya bomba huja Jumatano, yakipenda.

Utashangaa kuona karatasi. Mara mbili za mwisho tulizungumza kwa simu ukaikata, na lile kundi la ukoo kwenye simu lina masikio mengi. Barua angalau itanisubiri nimalize sentensi.

Jambo lenyewe ni Mama. Haumwi. Jumapili mbili zilizopita nilipita kwake Mtopanga baada ya ibada, nikamkuta anachambua mboga ya mtsunga kwenye ungo. Nilipovuta kigoda akanizuia.

"Usiketi. Sikiliza umesimama, maana najua utataka kutoka nje. Nataka kuolewa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na nani, Mama?"

"Na Erastus."

Mzee Erastus Odera ana miaka sabini na sita. Alikuwa fundi katika karakana ya reli, amekaa Changamwe tangu ujana wake, na mkewe alifariki zamani. Ni Mjaluo. Walijuana kliniki ya presha. Kila mwezi yeye hufika mapema na kumwekea Mama nafasi kwa kuacha kofia yake juu ya kiti. Hayo yamekwenda miaka miwili bila mimi kujua, ijapokuwa kofia hiyo nimewahi kuikuta imesahauliwa sebuleni kwa Mama, nikadhani ni ya marehemu Baba.

Nilitoka nje kama alivyosema. Nikazunguka nyumba, nikarudi, nikamwambia nitasimama naye. Sijui nini kilinisukuma. Mimi huyuhuyu ambaye vijana wa kanisa wananiita mhafidhina, kwa kuwa nilikataa magitaa ibadani na suruali kwa wasichana wa kwaya!

Nataka maoni yako kabla Ami Mramba hajasikia. Wewe ndiye mliberali wa familia, nadhani utafurahi.

Kaka yako,
Kitsao


Iowa, Marekani
4 Machi 2025

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Barua yako imetumia siku kumi na tisa, na bahasha ilifika imelowa theluji. Mpe pole wifi Judy kwa goti. Vivian anakuja kila Jumamosi kutoka chuoni kufua nguo na kula wali wa nazi, kisha anaondoka kabla sijamuuliza la maana. Mimi bado niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana.

Sikufurahi, Kaka. Niliisoma barua ndani ya gari, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena. Mama ana miaka sabini na minne. Baba amezikwa palepale uani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Watu waje wapige vigelegele mbele ya kaburi lake? Mimi siungi mkono, na unaweza kumwambia hivyo.

Tena hilo neno ulilonipa. Acha nikueleze habari ya hilo neno.

Mwezi uliopita mji wetu ulifanya kikao kuhusu vitabu vya maktaba ya shule. Mwenzangu wa kazini alinivuta niende. Nikasimama nikasema vitabu visiondolewe, mtoto aachwe asome. Nusu ya ukumbi wakanipigia makofi, nusu wakanuna. Nikaongeza kwamba mwalimu akiingia darasani watoto wasimame wamwamkie, na anayekataa arudishwe kwao. Waliopiga makofi wakanuna, walionuna wakapiga makofi. Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja akanishika mkono akaniuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Kwani wewe ni mliberali au mhafidhina?"

Nikamwambia mimi ni Mgiriama.

Mwanangu ananiita mhafidhina kwa kuwa simruhusu rafiki yake wa kiume kulala kwangu. Kanisani wananiona mliberali kwa kuwa niliandamana na wafanyakazi wa kiwanda cha nyama waliokuwa wakitishiwa kurudishwa nchini kwao. Kisauni mliniita mliberali siku nilipopanda ndege, na sikuwa nimesema neno. Kwa hiyo usilitumie kunilazimisha nifurahi.

Na mtu wa bara, Kaka? Katika nyumba ile? Wewe ndiye wa kuniandikia hayo?

Niishie hapo.

Jumwa


Magogoni
30 Machi 2025

Mdogo wangu Jumwa,

Nimeipata barua yako, na ukali wake pia nimeupata. Judy anakusalimu. Mvua imeanza, na njia ya kwenda kwa Mama imekuwa tope tupu. Mama nilimwambia ulivyosema. Alikwenda kuanua nguo.

Ami Mramba amesikia. Alikuja ghalani saa ya chakula, amevaa fulana ya kampeni ijapokuwa uchaguzi ni mwaka 2027. Unajua anagombea udiwani. Kwenye mabango ameandika Mwanamageuzi, na mwezi wa pili alihutubia kuhusu haki za wajane mpaka wanawake wakavua leso wakampungia. Basi akakaa juu ya gunia la mchele, mdogo wa baba yetu, akasema:

"Shemeji yangu haolewi nje. Akitaka mume, ukoo una wanaume."

"Nani, Ami?"

"Mimi nipo."

"Una wake wawili."

"Mila ndivyo ilivyo."

"Na ile hotuba ya wajane?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kipumbavu. "Ile ilikuwa siasa, Kitsao. Hii ni nyumba."

Akaniambia nimegeuka mliberali, kanisa limenilegeza. Jioni ileile mchungaji wetu kijana akaniita. Huyu ndiye aliyenilaumu mwaka jana kwamba nimeng'ang'ania ukale. Sasa anasema baraza la wazee wa kanisa lina wasiwasi na misimamo yangu mipya, kwa sababu Mzee Erastus ni wa dhehebu jingine na mimi ninaonekana kubariki. Siku moja, Jumwa, nimeitwa mliberali na watu wawili ambao wao kwa wao hata salamu hawapeani. Na mimi sijabadilika chochote. Niko palepale niliposimama; wao ndio wanazunguka, kila mmoja ananiona ubavu wake.

Uliandika "katika nyumba ile" ukaacha. Sikukuelewa. Labda ulikuwa umechoka.

Ndugu yako,
Kitsao


Iowa
27 Aprili 2025

Kaka Kitsao,

Shikamoo. Huku miti imeanza kutoa majani. Vivian amepata kazi ya kiangazi kwenye ofisi ya mawakili. Mimi usingizi umenikimbia, lakini mwili ni mzima.

Nina kisa cha kazini. Kuna mzee pale, mkulima wa mahindi zamani, na bibi mmoja aliyekuwa akifundisha piano. Wameanza kukaa pamoja, wanashikana mikono wakitazama televisheni. Watoto wa yule bibi walikuja wakataka watenganishwe. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Nikawaambia mama yenu ni mtu mzima, ana akili zake, na kumpenda baba yenu hakukumfanya mali yenu. Msimamizi akanisifu mbele ya wote, akasema wanahitaji watu wengi wenye moyo ulio wazi kama wangu.

Nikaingia chooni nikalia. Wiki ileile nilikuwa nimekuandikia wewe simtaki Mzee Erastus.

Kwa hiyo najijua. Usidhani sijijui. Lakini yule bibi wa piano hakuninyima kitu, Kaka. Mama alininyima.

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa ananisuka, Baba ameketi mlangoni, wewe umesimama dirishani. Baba akasema msichana wa nyumba hii haolewi na mtu wa bara. Baba alikuwa anapigania haki za watu wa Pwani wakati ule, watu walimwita mkombozi. Nilimtazama Mama. Alivuta nywele, akaendelea na mstari mwingine. Hakusema neno. Wiki mbili baadaye wewe ukaja kuniambia yule mtu niliyempenda amekwenda kwao kuoa. Sikuuliza tena. Nilipopata njia ya kuondoka nikaondoka, na nyinyi mkasema nimefuata uzungu.

Leo Mama amegundua kwamba mtu wa bara anaweza kukuwekea nafasi kwa kofia. Sikatai kwa ajili ya mila. Nakataa kwa sababu zamu yangu ilipita miaka ishirini na minane iliyopita na hakuna aliyenishikia kiti.

Jina la mtu huyo unalijua. Sitaliandika.

Jumwa


Magogoni
2 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mvua imetutesa kweli mwaka huu. Ukuta wa jirani umeanguka, na pale karibu na shule maji yalifika magotini, na mtaro wenyewe ulichimbwa juzi tu. Mihogo kwa Mama imeoza. Kuku wawili wamekufa. Judy goti limerudi.

Mzee Erastus alikuja rasmi tarehe kumi na saba, yeye na wazee watatu. Ami Mramba hakuja, alituma ujumbe kwamba Mama akiolewa, nyumba ya Mtopanga inarudi kwa ukoo. Nilikuwa nimejiandaa kupambana. Nilikwisha kuulizia wakili. Mama akaniweka mkono begani.

"Mwache aichukue. Niliijenga na baba yenu, nikawazaa humo, nikamuuguza humo mpaka akafa. Nimemaliza nayo. Kaburi nitakuja kulipalilia, hilo hawezi kunizuia."

Harusi ni tarehe kumi na sita Agosti, kanisani kwao Changamwe.

Baraza la kanisa limenisimamisha uzee wa kanisa. Mchungaji alisema ni kwa muda. Miaka kumi na minane nimekaa kwenye kile kiti cha pili kutoka dirishani, sasa nakaa nyuma na wanaochelewa. Vijana walewale wa magitaa wamekuja kunipa mkono, wanasema kumbe mzee umeamka. Nikawaambia magitaa bado siyataki. Wakacheka, lakini nilisema kweli.

Nilimsomea Mama barua yako, ile sehemu ya nywele. Kisha akasema, "Mwambie ni kweli nilinyamaza. Nilimwogopa baba yenu, nikawaogopa na wenziwe. Sasa simwogopi mtu, na najua uhuru huu nimejipa mimi kwanza badala ya kumpa yeye. Mwambie hivyohivyo, usipambe."

Sikupamba.

Kuhusu lile la zamani, mimi naona tuliache. Umri umekwenda.

Kitsao


Iowa
25 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

Maneno ya Mama nimeyapokea. Nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Lakini umeandika "lile la zamani, tuliache." Mimi niliandika juu ya Baba na Mama. Niliandika kwamba ulikuwa dirishani na kwamba ulinipa habari. Hilo si jambo la kuacha wala kushika. Unaacha nini, Kitsao?

Nakuuliza basi. Dancun alikwenda kwao kuoa. Nani alikuambia? Alikuambia yeye mwenyewe? Lini, na mkiwa wapi?

Mimi nimeishi miaka yote hii nikijua kwamba alinitupa bila hata kuniaga. Watu wa huku wananiambia mimi ni mtu baridi. Labda. Naomba unijibu hili peke yake, usinipe habari za mvua.

Jumwa


Magogoni
5 Septemba 2025

Jumwa,

Barua yako ilifika katikati ya Julai. Nimeibeba mfukoni mpaka mikunjo imechanika.

Mama ameolewa. Alivaa gauni la rangi ya maziwa na leso begani. Alipoulizwa kama anakubali, akasema "ndiyo" kabla mchungaji hajamaliza swali, kanisa zima likacheka. Sasa anakaa Changamwe, vyumba viwili, na Mzee Erastus amempigilia ukutani rafu mpya za sahani. Ami Mramba amefunga kufuli nyumba ya Mtopanga na kubandika bango lake mlangoni.

Wanawake wa Kijaluo ndio waliopika na kuimba. Mmoja alinipakulia sahani, wali na samaki, akanipa kwa mikono miwili. "Kula, Kitsao." Alikuwa Mama Achieng, mama yake Dancun. Alirudi huku mwaka 1999 baada ya kufiwa na mumewe, anauza omena, dagaa wa ziwani, Mtopanga sokoni, na kwa miaka yote hiyo mimi nimekuwa nikizunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya meza yake. Nikaiweka sahani chini. Nikajua siwezi kukaa na barua yako tena.

Dancun hakwenda kuoa. Nilimfukuza mimi.

Unakumbuka Agosti ya mwaka ule. Vipeperushi vilikuwa vimetupwa mitaani vikiwaambia watu wa bara waondoke. Likoni ilikuwa inawaka, na kwetu vijana tulikuwa tumejaa maneno. Tulijiita wanamapinduzi. Tulisema tunataka mabadiliko, ardhi irudi kwa wenyewe, na waliotuambia tutulie tuliwaita vibaraka, wahafidhina waliolala. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tano, na nilijiona mtu mpya kabisa. Ami Mramba alinipa nyumba tatu za kwenda kuonya. Mimi ndiye niliyechagua tuanze na ya akina Dancun, kwa sababu ulikuwa umenieleza siri yako wiki ile, na niliipeleka kwa Baba kabla jua halijatua.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Tulikwenda watatu. Nilikuwa na panga. Sikulinyanyua, lakini nilikuwa nalo. Dancun alitoka mlangoni na sufuria mkononi, alikuwa anaosha vyombo. Nikamwambia mpaka kesho asubuhi wawe wameondoka. Hakubishana. Aliniuliza jambo moja tu: "Jumwa anajua?"

Nikamwambia, "Jumwa ndiye aliyetutuma."

Hayo ndiyo niliyoyaficha. La panga ningeweza kusema ni wakati, ni siasa, ni ujana, na wengi tulifanya. Lakini lile neno hakuna aliyenituma kulisema. Lilikuwa langu.

Mwaka huu wote watu wameniita mliberali kwa sababu namtetea Mama, na moyoni nimekuwa nikijisikia msafi kidogo. Nilitaka ndoa hii ifunike ile. Haikufunika.

Sijui niombe vipi.

Kitsao


Iowa
30 Novemba 2025

Kitsao,

Sikuandika kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandikia. Nilichukua likizo ya siku tatu, nikamwambia Vivian ni mafua. Siku ya pili akaja, akakaa nami kitandani, nikamweleza yote. Hakunipa jina lolote. Alinipikia chai.

Nimempigia Mama. Tumelia, kisha tumecheka, kisha akaniuliza kama nala vizuri. Nimempa baraka zangu, na hazikuwa za mdomo tu. Mzee Erastus akachukua simu akaniita nyathina, yaani mtoto wangu, akaanza kunieleza habari za rafu mpaka Mama akamnyang'anya.

Mwezi huu tumepiga kura ya kamati ya shule. Walikuja watu wa pande zote mbili kugonga mlango wangu, kila mmoja ana hakika mimi ni wake. Niliwapa maji wakaondoka. Nilikuwa nafikiri kwamba na wewe siku ile ulikuwa na hakika uko upande gani. Na Baba. Na mimi pia, miaka yote niliyomchukia mtu asiye na kosa.

Sijakusamehe. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nimekudanganya, na nyumba yetu imetosheka na hayo.

Nataka jambo moja. Usimtume Mama, usimtume mchungaji. Nenda wewe kwa Mama Achieng, mchana, usimame mbele ya meza yake, useme ulilosema. Neno lilelile. Halafu uniandikie alichojibu, usiongeze wala usipunguze.

Jumwa


Magogoni
11 Januari 2026

Jumwa,

Tu wazima. Hakuna habari nyingine kabla ya hii.

Nilikwenda jana, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mara mbili kabla ya hapo nilifika sokoni nikarudi. Jana nilisimama. Mama Achieng alikuwa anachambua omena, anatupa majani na mchanga pembeni. Akadhani nimekuja kununua, akachukua kopo la kupimia.

Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuja kwenu mwaka 1997."

"Marahaba," akasema. "Najua. Nilikuwa dirishani."

Jumwa, alijua siku zote. Nikamuuliza kwa nini basi alinipakulia harusini. Akasema, "Ilikuwa harusi. Ulikuwa mtoto wa bibi harusi. Ningekupa nini?" Akaendelea na omena.

Nikamwambia kuna neno nililomwambia Dancun ambalo pengine hakulisikia kutoka dirishani. Nikalisema. Hapo mikono yake ikasimama. Hakunitukana. Alifuta vidole kwenye kanga, akatoa simu, akatafuta jina, akabonyeza, akanipa.

"Yuko Nakuru," akasema. "Anaendesha lori. Jumamosi anapumzika. Mwambie mwenyewe."

Sikuwa nimejiandaa. Ikaita mara mbili.

"Haloo, Mama?"

Nikasema si Mama, ni Kitsao.

"Kitsao yupi?"

Nikaanza kusema Kitsao wa Magogoni, mzee wa kanisa, nikakumbuka mimi si mzee wa kanisa tena. Nikataka kusema Kitsao kaka yake Jumwa, nikaona hilo sina haki ya kulianza nalo. Watu walikuwa wananunua vitunguu meza ya pili. Nikasema, "Kitsao aliyekuja na panga."

Nilisikia redio kwake, na mtoto akiulizia viatu.

"Sema," akaniambia.

Nikasema, "Siku ile nilikudanganya. Jumwa hakututuma. Hakujua. Aliambiwa umekwenda kuoa, na niliyemwambia ni mimi."

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia mara ya tatu. Sauti yangu haikuwa yangu tena, na mwenye vitunguu alikuwa amegeuka kunitazama. Mama Achieng alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza. Redio kule Nakuru ilizimwa. Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kuyapokea yote, na nilifika mahali pa kuyatamani.

Aliniuliza kama wewe u mzima.

Nikamwambia u mzima.

Kitsao